Narudi na Nani?

Siku ya kuniaga, hakimu mmoja kijana alisimama ukumbini akaniomba niwaachie neno moja la kazi. Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi na nyama ilikuwa inapoa, nikamjibu kwamba wanywe maji ya kutosha. Watu walicheka, tukaendelea kula. Yule kijana hakucheka. Alikuwa ameuliza kwa dhati na anastahili jibu, kwa hiyo nimekaa hapa barazani kwangu Mkuyuni, bodaboda na wauza nyanya wakinipigia kelele, naliandika. Vyeo na uhamisho nitaviruka. Anayetaka habari za mshahara wa hakimu wa mahakama ya mwanzo aangalie viatu vyangu.

Nilizaliwa Majita, upande wa Mara, kwa watu wa mihogo na samaki. Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa mbele ya Misungwi, kwenye jengo lenye popo darini. Shahidi akila kiapo, nao walikuwa wanaitikia. Aliyenipokea ni Mzee Magesa, hakimu aliyekuwa ukingoni mwa kustaafu, mtu mrefu mwenye kikohozi na subira. Aliniambia sheria sitajifunza kwake, kwa kuwa mimi nimetoka chuoni juzi na yeye ametoka zamani. Alichonifundisha siku hiyo ya kwanza ni kupanga viti.

"Ukiwa hakimu, binti, kaa nyuma ya meza hiyo," alisema. "Ukiwa mlinzi wa amani, isogeze pembeni. Usiweke kitu kati yako na yeye."

Nieleze kwa wasiojua. Hakimu wa mahakama ya mwanzo anavaa pia kofia ya mlinzi wa amani. Mtu akikamatwa kwa kosa zito, mauaji kwa mfano, na polisi wakasema anataka kukiri, huletwa kwetu ili aseme mbele ya mtu ambaye si askari. Askari wote hutoka nje. Tunamuuliza alikamatwa lini, alilala wapi, kama yupo aliyemtisha, aliyempiga au aliyemwahidi kitu. Kisha tunaukagua mwili wake. Tukiridhika kwamba anasema kwa hiari yake, ndipo tunaandika, na hayo tuliyoandika yanaweza kumfikisha kwenye kitanzi.

Mzee Magesa aliweka kiti cha mtuhumiwa kikiupa mlango mgongo. "Asione buti za askari chini ya mlango," alisema. "Mpe maji kwanza, utazame anavyokipokea kikombe. Muulize amekula lini. Halafu mwambie atembee kutoka pale hadi hapa, bila viatu. Mgongo wanauogopa siku hizi kwa sababu unaonekana. Wanapiga nyayo."

Nilimuuliza kama amewahi kuyaona hayo kwa macho yake.

"Ningeyajuaje?" alijibu, akaenda kukohoa nje.

Nilikizunguka kiti hicho miaka mingi, vituo mbalimbali vya kandokando ya ziwa. Sitaki mdhani kila askari ni mkatili. Nimefanya kazi na askari waliomnunulia mtuhumiwa chapati kwa fedha zao, na mmoja aliyelia kizimbani akitoa ushahidi wa mtoto aliyezama. Watuhumiwa wengi waliletwa kwangu wazima, wakasema yao, wakaenda. Nilikagua migongo, mikono na nyayo kama anavyokagua karani wa pamba, bila kutarajia uchafu kila gunia.

Kituo changu cha mwisho sitakitaja. Kilikuwa karibu na maji, na nyakati hizo daraja la Kigongo lilikuwa bado nguzo tu ziwani, tukivuka kwa kivuko. Kulitokea mauaji kwenye kambi moja ya dagaa. Mlinzi wa kambi, Mzee Sospeter, alikutwa ameuawa, na mashine za mitumbwi alizokuwa akizilinda zimeibwa. Wenye kambi walikuwa na hasira, na viongozi wakataka mtu apatikane upesi. Mashine moja ilikutwa kwenye karakana ya fundi aitwaye Masalu. Yeye alidai imeletwa na mteja kutengenezwa, kama zilivyoletwa nyingine zote zilizojaa pale.

Siku walipomleta kwangu ilikuwa mchana wa jua kali. Aliyemleta ni mpelelezi, Inspekta Mgaya. Tulikuwa tunaimba naye kwaya moja. Yeye ndiye aliyekuwa nguzo ya sauti ya besi, na mkewe aliwahi kuniuguza nilipolazwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Mgaya."

"Leo nimekuletea kazi nyepesi. Kijana ameamua mwenyewe kuutua mzigo."

Niliwaomba watoke, yeye na askari wake wawili. Walitoka. Nilibaki na Masalu na karani wangu Bahati, mwanamke wa maneno machache.

"Naitwa Masalu nimekuja kwa hiari yangu sijapigwa sijatishwa wala sijaahidiwa kitu," alisema yule mtu kwa pumzi moja, kabla sijafungua mdomo.

Bahati aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake. Mtu ambaye hajapigwa hakwambii hajapigwa kabla ya kukuamkia.

"Kaa, Masalu."

"Nitasimama tu, Mheshimiwa."

Nilimpa maji. Alikipokea kikombe kwa viganja viwili vilivyonyooka, kama mtu anayebana kitu kwa mbao. Vidole havikukunjika. Nilimuuliza amekula lini, akasema hakumbuki. Nilimwambia avue ndala atembee hadi dirishani. Alipiga hatua moja kwa pembeni ya unyayo, akashika ukuta. Nyayo zilikuwa zimevimba hadi vidole vimedidimia ndani. Nilimwomba avue shati. Hakuweza kuinua mikono, ikabidi Bahati amsaidie. Sitaeleza nilichokiona mgongoni. Bahati alisimama muda mrefu na lile shati mkononi.

"Nani amekufanya hivi?"

Masalu alitazama mlango, halafu akanitazama mimi. Hakuwa analia. Alikuwa anapiga hesabu.

"Mheshimiwa, nikikujibu, hapa narudi na nani?"

Nimesoma vitabu vingi vya sheria na nimehudhuria semina za kutosha kujaza kabati kwa mikoba yake ya kitambaa. Katiba yetu inakataza mtu kuteswa, na inakataza bila kuumauma maneno. Lakini hakuna semina iliyowahi kuniuliza swali hilo. Utaratibu wote unaeleza namna ya kumpokea mtu. Kurudi, anarudi na gari lililomleta.

"Hutarudi nao," nilimwambia. Nilipoyasema maneno hayo sikujua nitayatimizaje.

Nilitoka nje. Mgaya alikuwa ameegemea gari lao.

"Tumemaliza, Mheshimiwa?"

"Sijaandika kukiri kokote. Mtu huyu ameumizwa vibaya. Hawezi kusema kwa hiari."

"Basi hakuna neno. Tunarudi naye, akipata nafuu tutamleta tena." Alisema kama anayezungumzia gari linalopelekwa gereji.

"Harudi nanyi, Mgaya."

Alitabasamu. "Sasa mama, utamweka wapi? Nyumbani kwako?"

Askari wake walicheka. Lilikuwa swali la haki. Mahakama yangu haikuwa na gari wala chumba cha mahabusu, na mlinzi wetu alikuwa mzee mwenye rungu ambaye mara nyingi alikuwa akilitumia kama mto.

Nilirudi ndani nikampigia simu hakimu mfawidhi wa wilaya, mkubwa wangu wa kazi. Nilimweleza nilichokiona.

"Toa amri aletwe mbele yangu leo hii," alisema. "Na asiletwe na wao. Karandinga la magereza likishusha mahabusu hapa nitalituma kwako. Mimi nitamtoa hapa aende gerezani, si kituoni. Lakini mpaka gari lifike, dada yangu, uko peke yako."

Kisha nikampigia mkuu wa polisi wa wilaya. Huyo ndiye aliyekula kiapo cha kusimamia sheria katika vituo vyake vyote, nikaona ni haki yake asikie kwangu kabla ya kusikia kwa mwingine.

"Afande, nina mtu hapa ameteswa mikononi mwa askari wako. Nakuomba uje umwone mwenyewe, sasa hivi."

"Niko kwenye kikao, Mheshimiwa."

"Nitakusubiri."

"Mheshimiwa, unaharibu upelelezi wa mauaji. Wananchi wana hasira. Huyo akitoroka mikononi mwako, utajibu."

"Na akifa mikononi mwako, atajibu nani?"

Simu ilikatwa.

Nje, Mgaya alikuwa amewasha gari. Hakuondoka, aliliacha linaunguruma pale mlangoni. Nilichokijua ni kwamba mtu huyu asikae chumbani peke yake nami na Bahati. Palihitajika macho.

Basi nikafungua mahakama.

Barazani kulikuwa na watu waliosubiri shauri la mbuzi aliyekula shamba la mihogo la jirani. Niliwaita wote waingie, wenye shauri, mashahidi, ndugu, hata mama aliyekuwa anauza karanga. Masalu tulimlaza kifudifudi kwenye benchi la mbele, Bahati akamfunika kwa kanga yake. Watu waliona. Nilimtuma mzee wetu wa rungu akamwite tabibu wa kituo cha afya, naye alifika kwa bodaboda, akapiga magoti kando ya benchi akaanza kumpima huku shauri likiendelea.

Mdai alikuwa mzee wa Kisukuma ambaye kila siku alikuwa akinisihi nimalize upesi kwa kuwa ana ng'ombe wa kunywesha. Siku hiyo alilitazama benchi, akaligeukia gari linalounguruma nje, akashika kizimba kwa mikono miwili. Alianza kueleza habari za yule mbuzi. Rangi yake, tabia zake, alivyoingia shambani. Mdaiwa naye, jirani asiyesalimiana naye, aliomba kumuuliza maswali marefu kuhusu kamba.

Kisha mlango ulijaa. Mgaya aliingia na askari wake, kofia mkononi kwa heshima, akatembea taratibu hadi karibu na benchi. Tabibu aliacha kufungua chupa ya dawa.

"Mheshimiwa," alisema Mgaya, "naomba mtu wangu."

Kabla sijajibu, mzee wa mbuzi akakohoa.

"Afande, samahani," alisema. "Mimi sijamaliza. Nilikuwa sijafika kwa mama yake huyo mbuzi."

Hakuna aliyecheka. Lakini watu wa benchi la pili walisimama, wa tatu wakafuata, wakabaki wamesimama tu, mikono mitupu. Nami nikasimama.

"Inspekta, mahakama inaendelea. Mtu huyu yuko chini ya amri yangu. Ukimgusa, umeigusa mahakama mbele ya watu wote hawa. Kaa au utoke."

Alinitazama usoni. Mtu niliyeimba naye Pasaka na Krismasi. Aligeuka akatoka.

Karandinga lilifika jua likiwa limeanza kulegea. Askari magereza wawili walimbeba Masalu kwa ile kanga. Bahati hakuidai tena.

Wengi hudhani hadithi inaishia hapo. Vijana wangu, hapo ndipo kazi ilipoanza.

Bila maneno yale ya kulazimishwa, kesi ya mauaji dhidi ya Masalu haikuwa na miguu. Wakili wa serikali aliiondoa, fundi akaachiwa. Asubuhi moja baada ya hapo, mjane wa Mzee Sospeter alikuja akasimama mlangoni kwangu. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge cha msiba.

"Umemfungulia aliyemuua mume wangu," alisema. "Nimekuja ili unione." Akaondoka kabla sijajibu.

Kwaya niliiacha, au iliniacha. Mke wa Mgaya alikuja nyumbani akanishika mikono, akaniomba nisilifuatilie jambo lile kwa ajili ya watoto wao. Nililia naye. Sikumwahidi kitu.

Malalamiko yalikuwa yamefunguliwa rasmi dhidi ya Mgaya na wenzake. Niliuliza yamefikia wapi. Ofisi ya mashtaka ilisema inasubiri jalada kutoka polisi. Polisi walisema wanasubiri maelekezo ya ofisi ya mashtaka. Kila mtu alikuwa anasubiri kwa adabu kubwa. Sheria ilikuwepo, imelala katikati yao kama mgeni ambaye kila mwenyeji anadhani ni wa mwenzake.

Kuna kikao ambacho vijana mnakidharau, kile cha kusukuma mashauri, ambapo mahakama, polisi, waendesha mashtaka na magereza hukaa pamoja, hunywa soda na kulaumiana. Nilikifanya chombo changu. Kila kikao, ikifika mengineyo, niliinua mkono.

"Jalada la askari waliomtesa Masalu liko wapi?"

"Linafanyiwa kazi," mkuu wa polisi wa wilaya alijibu.

Kikao kilichofuata, niliuliza tena, akajibu yale yale. Wenzangu walianza kutabasamu nikiinua mkono. Mmoja alinibandika jina la Mama Jalada. Niliendelea. Nilihakikisha swali na jibu vinaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na kumbukumbu hizo huenda mkoani, ambako kuna watu wasiopenda kusoma jibu moja mara nyingi.

Siku moja mkuu wa polisi alichoka. "Mheshimiwa," alisema mbele ya wote, "huyo mtu hata hatujui aliumia wapi. Pengine aliumizwa na wananchi wakati wa kukamatwa."

Mkuu wa gereza alikuwa ameketi karibu na dirisha. Hakuwa msemaji. Aliweka chupa yake ya soda chini.

"Mimi nilimpokea," alisema. "Alikamatwa akiwa anatembea, nimewauliza majirani zake. Kwangu alifika amebebwa. Katikati hapo alikuwa kwako, Afande. Nimenyamaza vikao vyote hivi kwa sababu sote tunavaa sare. Leo nimeona haya."

Hakuna aliyetabasamu tena. Muda si mrefu walikuja wapelelezi kutoka mkoa mwingine, wakachukua maelezo ya tabibu, ya Bahati, ya askari magereza, na ya mzee wa mbuzi, ambaye nasikia aliwachosha. Mgaya na askari wake wawili walifikishwa mahakamani. Hati ya mashtaka ilisomeka kudhuru mwili, kana kwamba waligombana kilabuni, kwa sababu kosa lenyewe kwa jina lake la mateso halimo kwenye kanuni zetu za adhabu. Hilo nawaachia nyinyi mlipiganie.

Nilitoa ushahidi wangu. Wakili wa utetezi aliniuliza kama nina chuki na mshtakiwa. Nilimjibu kwamba hadi leo nikisikia wimbo wenye besi nzuri namkumbuka. Mgaya aliinamisha kichwa.

Lakini lililobaki moyoni mwangu ni ushahidi wa mkuu wa polisi wa wilaya. Aliitwa na upande wa mashtaka, akaja na sare iliyopigwa pasi vizuri.

"Ulipigiwa simu siku hiyo?" wakili wa serikali alimuuliza.

"Nilipigiwa."

"Uliambiwa nini?"

"Kwamba kuna mtuhumiwa ameumizwa. Niliombwa niende kumwona."

"Wewe ndiye msimamizi wa sheria katika wilaya?"

"Ndiyo."

"Ukafanya nini?"

Alitazama dari. "Niliendelea na kikao."

"Kikao cha nini?"

Hakukumbuka.

Mgaya na wenzake walitiwa hatiani wakafungwa. Mkuu wa polisi hakushtakiwa. Alivuliwa usimamizi wa wilaya kwa kutotimiza wajibu wake. Kuna walioniambia adhabu hiyo ni ndogo. Ni kweli, lakini mkuu aliyekuja baada yake, simu yangu ikilia alikuwa anatoka kikaoni. Masalu amerudi karakanani. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki sawasawa, kwa hiyo yeye husikiliza mashine na kuelekeza, na mkewe ndiye anayeshika spana. Watu wanasema mke amekuwa fundi kuliko yeye.

Siku ya hukumu, mjane wa Mzee Sospeter alikuwepo. Alihudhuria kesi yote, akiketi nyuma peke yake. Nilipotoka nilimkuta ananisubiri kwenye ngazi, nikajiandaa kwa maneno makali.

"Nimesikia yote," alisema. "Kumbe walipokuwa wanampiga fundi, waliomuua mume wangu walikuwa kwenye kivuko wanavuka ng'ambo. Hakuna aliyewatafuta. Walikuwa na shughuli ya kupiga."

Nilimwambia pole.

"Sasa nani anawatafuta?" aliuliza.

Nilimwambia kwamba sijui. Nilimwambia pia siku na mahali kinapokaa kile kikao chetu, na kwamba koridoni yeyote anaruhusiwa kuketi. Alikuja kikao kilichofuata, akaketi kwenye benchi la nje na kitenge chake. Ndani niliuliza kuhusu jalada la Mzee Sospeter, na kwa mara ya kwanza aliyeulizwa alijua kwamba akitoka atamkuta mwenye swali. Alikuja tena na tena. Wapelelezi walirudi kwenye kambi ya dagaa, wakamtafuta yule mteja aliyeleta mashine kwa fundi, wakapata jina, wakavuka nalo ng'ambo. Hapo ndipo lilipofika nilipostaafu.

Kikao changu cha mwisho nilitoka nikiwa nimechelewa, nakusanya miwani na mkoba. Koridoni nilimwona mkuu mpya wa polisi wa wilaya amechuchumaa mbele ya lile benchi, kofia mkononi, akizungumza kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, mama," nilimsikia akianza. Yule mjane aliitikia marahaba, akasogea kumpa nafasi aketi. Aliketi. Akafungua jalada magotini akaanza kumweleza toka mwanzo.

Sikusimama kusikiliza. Nilipita taratibu upande wa pili wa korido, viatu vyangu vibovu vikigonga sakafu, nikaenda nyumbani.